Matano bin Abubakari, Fundi Aliyewafundisha Wageni Kuuliza

Zamani hapa kwetu hapakusomwa karatasi mazikoni. Maiti ilichukuliwa na watu waliomjua tangu anatambaa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa alizaliwa lini. Leo wamefika watu kutoka Mtwara, Tanga na Rufiji ambao walimjua marehemu kwa sauti ya simu tu. Hawakupata kumwona uso alipokuwa hai, na leo pia hawatauona. Wengine hawakuweza kufika, na mwanawe Fahima amesimama hapa mbele yangu na simu mkononi ili nao wasikie. Kwa ajili ya hao nimekubali kuandika.

Mimi ni Shamte, kaka yake wa tumbo moja, niliyemtangulia kwa miaka tisa. Nitasema alivyozaliwa, alivyofanya kazi na alivyofariki. Nitasema pia kwamba mtu huyu alifundisha mamia ya watu kuuliza, na sisi wa nyumbani kwake hatukumuuliza swali moja lililokuwa na haraka kuliko yote, mpaka wakati ukapita. Wanawe waliniomba niliache hilo. Nimejaribu kuandika bila hilo, nikachana karatasi mbili.

Marehemu Matano bin Abubakari bin Mudrik alizaliwa Jumatano, tarehe 6 Machi 1963, hapa kijijini Kirongwe, kisiwani Mafia. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Abubakari bin Mudrik na Bi Mwanahalima binti Taufiki. Baba yetu alikuwa na shamba la minazi na alinunua mbata, nazi zilizokaushwa, za wakulima wenzake. Siku hizo harufu ya mbata ilikupokea kabla hujaingia mjini. Sasa nazi zinaota majani chini ya minazi, hakuna wa kuziokota. Katika nyumba hiyo Matano hakutulia hata siku moja. Mama alikuwa akisema, “Huyu nilimzaa nikiwa natembea.” Katika chuo cha Kurani alisoma amesimama. Chakula alikula amechutama, tayari kuondoka. Alipokuwa na miaka mitano alimuuliza baba kwa nini mbata moja hugeuka njano na nyingine hubaki nyeupe, na baba akamjibu kama baba wote wa zama zile walivyojibu: mtoto haulizi wakubwa. Akaacha kuuliza. Lakini hakukaa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971 katika shule ya msingi hapa Kirongwe, akamaliza la saba mwaka 1977. Hakuchaguliwa kuendelea. Katika darasa lao alichaguliwa mmoja tu. Mimi niliishia la nne, na kila nilichokijua baada ya hapo nilikiokota katika magazeti ya kufungia vitafunio na vitabu vilivyoachwa na wageni. Kwa hiyo nilimwambia asilie, elimu haina mlango mmoja. Alinijibu kwamba halii, anatafuta viatu vyake. Mwaka 1979 alikwenda Kilindoni kujifunza ufundi wa mashine za boti kwa marehemu Fundi Ukasha, ambaye wazee wenzangu wanamkumbuka.

Fundi Ukasha alifundisha kama alivyofundishwa. Mwaka wa kwanza mwanafunzi aliosha spana kwa mafuta ya taa. Mwaka wa pili alishika vyombo na kutazama. Kuuliza kulikatazwa. Fundi alisema anayeuliza ni mvivu wa kutazama. Mimi niliusifu utaratibu huo, na nusu yake naisifu hata leo, kwa sababu vijana wa sasa wanauliza kabla ya kufungua macho. Lakini nitaeleza kilichotokea mwaka 1981, maana ndipo marehemu alipopata kazi yake ya maisha, ingawa alikuja kuijua miaka mingi baadaye.

Siku hiyo Fundi Ukasha alikuwa na wageni. Akamwambia Matano atie mafuta katika mashine ya boti iliyokuwa ikimpeleka bwana harusi Juani. Mashine zile hutiwa petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo. Matano alikuwa hajui kama kuna oili. Akatia petroli tupu, akajaza pomoni, akapungia watu mkono. Boti haikufika mbali ikakwama katikati ya mkondo, chuma kimeshikana na chuma. Bwana harusi alifika Juani alasiri, kanzu ameikunja kiunoni, anasukuma boti kwa mti wa pondo pamoja na mashahidi wake, na upande wa bibi harusi walikuwa wameshakula pilau yote.

Fundi alimwita mwanafunzi wake mbele za watu.

“Kwa nini hukuuliza?”

“Fundi, ulisema anayeuliza ni mvivu wa kutazama.”

“Na wewe ulitazama nini miaka miwili?”

“Nilitazama mgongo wako, Fundi. Ukichanganya mafuta huwa unanipa mgongo.”

Watu walicheka. Fundi Ukasha hakucheka. Alimfukuza, na Matano akarudi Kirongwe kwa miguu. Baada ya siku tisa Fundi alituma mtu amwite. Alipofika akamwambia, “Njoo ushike kazi. Kuanzia leo nitasimama upande.” Hakusema samahani, wazee wa zamani hawakusema. Lakini alisimama upande mpaka Matano akawa fundi kamili mwaka 1984.

Mwaka 1988 Matano alitaka kumwoa Zuena, binti wa Fundi Ukasha. Mimi ndiye niliyepeleka barua ya posa, imefungwa katika leso, kama ilivyokuwa desturi. Siku hizi nasikia posa inatumwa kwa simu na inajibiwa kwa picha ya kidole gumba. Fundi aliifungua barua, akaisoma taratibu mpaka mwisho, akanitazama. “Mwambie nduguyo,” akasema, “afadhali safari hii ameuliza kabla ya kuharibu.” Ndoa ilifungwa tarehe 14 Oktoba mwaka huo Kilindoni. Walijaliwa watoto watatu, Fahima, Suhail na Nabil, na waliishi pamoja miaka thelathini na sita na miezi kumi. Zuena ananiambia katika miaka hiyo yote hakumwona mumewe akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa.

Alifungua banda lake karibu na pwani ya Kilindoni mwaka 1986. Alikwenda mpaka Bweni kwa baiskeli akiwa na spana kiunoni, kabla ya pikipiki hizi, na mpaka Juani na Jibondo kwa chombo chochote kilichompakia. Alifundisha wanafunzi kumi na mmoja kwa mkono wake, na wote aliwasimamisha pale wanapoona. Lakini wanafunzi walizidi kupungua. Kijana alikaa wiki mbili, akapata boda boda, akaondoka. Banda likawa na fundi mmoja na benchi tupu. Hilo lilimuuma kuliko alivyosema.

Suhail alimletea simu ya kupangusa mwaka 2016. Mwaka uliofuata Matano alianzisha kundi la WhatsApp, akaliita Mashine na Maji. Mimi nilimwambia kundi ni la mbuzi. Walianza mafundi kumi na wanne wa Mafia, wakaja wa Tanga na Mtwara, kisha wa ziwani, Mwanza na Kigoma, watu wasiojua hata maji ya chumvi yanaharibu nini. Alipofariki jana walikuwa zaidi ya mia tisa.

Kwa wasiojua, nieleze kundi lile lilivyokuwa mwanzoni. Mgeni aliingia, akaandika, “Mashine inasumbua, msaada,” na mafundi wazoefu wakamgeuza mchezo. Mwezi Machi 2018 aliingia bwana mmoja wa Ukerewe, anaitwa Bwire, mvuvi aliyenunua mashine yenye nguvu ya farasi kumi na tano kwa mtu. Akaandika, “Mashine yangu imekufa. Naomba msaada wenu wakuu.” Fahima ameyahifadhi majibu, nami nimeyaona. Wa kwanza aliandika, “Inna lillahi, mazishi saa ngapi?” Wa pili, “Ibembeleze, labda umeiudhi.” Wa tatu akasema mashine zinazokufa hupelekwa kwa mganga, si kwa fundi. Bwire akaandika, “Samahani wakuu, nilidhani hapa ni pa kujifunza,” akataka kujitoa.

Marehemu alikuwa juu ya boti ya mtu, mikono imejaa grisi. Aliifuta kwa shati, akaandika hivi: “Bwana Bwire, karibu, usitoke. Hao wanaokucheka kila mmoja aliingia na swali kama lako. Ninayo yao yote nimeyatunza, akicheka tena nayaleta hapa. Sasa tuambie. Imekufa vipi?”

“Inawaka, inakwenda, halafu inazima.”

“Inakwenda muda gani?”

“Kama dakika kumi.”

“Inazima ghafla, au inafifia?”

“Inafifia kama taa ya chemli inayoishiwa mafuta.”

“Umeshajaribu nini?”

“Nimebadili plagi. Kabureta nimeifungua mara mbili nikaisafisha.”

“Na baadaye huwa inawaka tena?”

“Ndiyo.”

“Kabla haijawaka tena, huwa umefanya nini?”

Bwire alijibu kwamba hakuna alichofanya, anafungua tu kifuniko cha tangi kuangalia kama mafuta yamo, anafunga, anavuta kamba, inawaka. Hapo hapo fundi wa Mtwara akaandika kwamba mashine ni nzima. Kifuniko cha tangi kina tundu la hewa lenye skrubu. Likiwa limefungwa, mafuta hayashuki, mashine inakosa pumzi. Akifungua kifuniko hewa inaingia, basi inawaka. Bwire alikwenda kulegeza skrubu ile. Alikuwa ameishi na tatizo hilo miezi minne, na mara mbili limemwacha katikati ya ziwa na watu watatu na upepo.

Siku hiyo marehemu aliandika maneno ambayo kila anayeingia katika kundi hupewa ayasome kwanza. Ninayanakili kama alivyoyaandika: “Karibu. Hapa hakuna swali la kuchekwa. Lipo swali ambalo halijakamilika, na kulikamilisha ni kazi yetu sote. Tuambie una mashine gani. Tuambie ilianza lini, na siku hiyo uligusa nini. Tuambie umejaribu nini, hata kama unaona aibu nalo. Tuambie inafanya nini, usituambie ina ugonjwa gani, maana ungeujua ugonjwa usingekuja. Usiseme imekufa. Mashine ikikataa huwa imeacha kufanya kitu kimoja, tafuta ni kipi. Na ukipona, rudi useme umeponaje, kwa sababu nyuma yako yuko mwingine.”

Si wote waliompenda kwa hilo. Wazoefu kadhaa walijitoa, wakasema anawadekeza wageni. Aliwaambia, “Mgeni hajui hata asichokijua ni kipi. Wewe unakijua, mpe jina lake.” Alikuwa akizunguka bandani na simu sikioni, anatoka, anaingia, anamwambia mtu wa Kigoma asogeze simu karibu na mashine ili asikie mlio wake. Waliopita njiani walidhani amerukwa na akili.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu, maana wapo hapa wanaoujua, na nisipousema watausema wao nikiwa nimekwenda.

Mwaka 2019 niliingia katika kundi hilo. Sina boti. Niliingia kwa ajili ya ndugu yangu. Asubuhi moja niliandika salamu kama tulivyolelewa. Niliwatakia amani, rehema na baraka, nikawauliza hali zao, za watoto wao, za watokako, za kazi na za uzima, nikasubiri waitike ndipo niseme langu. Matano akajibu mbele ya watu mia mbili na zaidi: “Waaleikum salaam kaka. Hapa salamu na swali huandikwa pamoja, watu wako kazini.”

Nilitoka katika kundi, na kwake sikwenda miezi kumi na mmoja. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba mdogo wangu amefuta salamu duniani. Nikasema watu waliouza utu wao kwa haraka ndio hawa. Sikuwa peke yangu kuona hivyo. Mtu wa pwani humkuta mwenzake amefiwa na bado huanza na habari za asubuhi, na aliyefiwa hujibu njema, kisha ndipo habari mbaya hufuata, taratibu, imevishwa nguo. Ndivyo tulivyofunzwa.

Alikuja mwenyewe Idd iliyofuata. Alisimama mlangoni, hakuingia.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Umekuja kwa swali au kwa salamu?”

“Nimekuja kwa vyote viwili, nimeviandika pamoja.”

Sikutaka kucheka lakini mke wangu alicheka jikoni, mambo yakaharibika. Matano akaingia, akaniomba radhi mbele ya wake zetu wote wawili, kwa kunijibu mbele za watu. Lakini sharti lake hakuliondoa. “Kaka,” akasema, “salamu yako nzuri. Shida yake ni moja, kila inachouliza jibu lake lipo tayari. Nikikuuliza hujambo, utasema nini ila sijambo? Mtu mwenye mashine inayozima hana nafasi ya kujibu vile.” Nikamwambia mashine si watu. Akainuka, akaenda kuangalia bomba la maji lililokuwa likivuja.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Rajabu, yaani Januari ya mwaka huu. Hakumwambia mtu. Mwanzo mkate mkavu ulimkwama, akawa anauchovya katika chai. Kisha samaki, kisha wali. Zuena aliona sahani zinarudi nusu. “Nilidhani amekinai mapishi yangu,” ananiambia, “nikabadili viungo.” Mwezi wa pili alikwenda zahanati, akasema tumbo, neno hilo moja tu, akapewa dawa za tumbo kama alivyosema.

Ikaja Ramadhani. Mwezi mzima tulifuturu katika sinia moja, mimi na yeye, kila siku barazani kwake. Naandika tena: kila siku, sinia moja. Nilimwona anakunywa uji, anamega muhogo, anauweka mdomoni, anainuka kama mtu aliyekumbuka jambo, anakwenda nje, anarudi. Nilidhani ni kutotulia kwake kule kule. Nilimwona shingo imekonda, kola ya kanzu imekuwa pana. Nikamuuliza, “Hujambo lakini?” Akajibu, “Sijambo kaka, alhamdulillahi.” Nikashukuru, nikaendelea kula. Nilimuuliza hivyo pengine mara thelathini. Vipande vizuri vya samaki nilivila mimi.

Tarehe 9 Aprili Bwire wa Ukerewe alimpigia simu. Marehemu alikuwa anafungua mashine, simu ameiweka sauti ya nje juu ya benchi, na Zuena alikuwa amemletea uji. Alisikia yote, naye ndiye aliyenisimulia.

“Mwalimu, sauti yako tangu mwezi wa pili si ile,” Bwire alisema. “Nimerudia kuzisikiliza jumbe zako. Unasema maneno machache, unameza, unanyamaza, ndipo unaendelea.”

“Mafua tu, Bwire.”

“Mwalimu, ulitukataza kutaja ugonjwa. Niambie inafanya nini. Chakula kinapita?”

Zuena anasema alisikia spana ikiwekwa chini.

“Kinapita kwa maji.”

“Kilichoanza kukwama ni nini?”

“Mkate.”

“Lini?”

“Rajabu.”

“Na sasa?”

“Sasa hata wali. Uji unapita.”

“Umepungua?”

“Mkanda nimeutoboa matundu mawili mapya.”

“Umejaribu nini?”

“Dawa za tumbo. Na kunyamaza.”

“Hapo nyumbani nani anajua?”

Aligeuka akamwona mkewe amesimama na bakuli la uji.

Tulivuka naye mwisho wa Aprili kwenda Dar es Salaam. Katika hospitali aliyolazwa, daktari kijana, umri wa mjukuu wangu, alimuuliza maswali yale yale, na Matano akayajibu kwa mpangilio, mwezi kwa mwezi, chakula kwa chakula. Yule kijana akasema laiti wagonjwa wote wangejieleza hivi. Kipimo kilionyesha saratani ya umio, njia ya kupitia chakula, na ilikuwa imeshashuka mbali. Daktari alisema wangempata mapema kungekuwa na la kujaribu. Hakusema mapema kiasi gani. Mimi, niliyepita maisha yangu nikiona fahari kwamba najua mengi, sikumuuliza.

Tulipobaki wawili nilimlaumu. Nilimlaumu mgonjwa, kitandani.

“Ramadhani nzima, Matano. Sinia moja. Kwa nini hukusema?”

“Kaka, uliniuliza hujambo.”

“Ulitaka nikuulizeje?”

“Kama ulivyoona. Uliona siachi kutoka nje. Ungeniuliza nakwenda nje kufanya nini, ningekwambia. Nilikuwa nakwenda kutema.”

Nilitazama pembeni. Akaushika mkono wangu, akasema, “Usijitese. Mimi nimewafundisha watu miaka minane na habari yangu mwenyewe sikujua pa kuianzia. Mtu akiingia katika ugonjwa ni mgeni. Sote wawili tulikuwa wageni.”

Aliwekewa mpira wa kulishia na akakaa Temeke kwa Suhail. Alipokosa nguvu za kusema aliandika. Tarehe 1 Juni aliliandikia kundi habari za mwili wake kwa utaratibu ule ule wa mashine: ulianza lini, ulifanya nini, alijaribu nini, alichelewa wapi. Mwisho akaandika, “Kila mmoja leo amtazame mzee wake anavyokula, kisha amuulize alichokiona.” Watu wawili, mmoja wa Pangani na mmoja wa Kigoma, walirudi baadaye kusema wamewapeleka baba zao hospitali. Baba wa Pangani amepona kwa dawa. Wa Kigoma bado anatibiwa. Marehemu alitaka asomewe jumbe hizo kila siku, na kila siku aliuliza kama habari ya Kigoma imesogea. Hata kitandani miguu yake haikutulia. Fahima alikuwa akiishika.

Alifariki dunia jana, Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, muda mfupi baada ya adhana ya alfajiri, Zuena akiwa upande wake wa kulia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Mwili wake umevushwa kutoka Nyamisati, umeswaliwa baada ya swala ya Ijumaa, na sasa umefika hapa Kirongwe, karibu na baba na mama.

Ameacha mjane, Zuena binti Ukasha. Ameacha watoto watatu, Fahima, ambaye ndiye atakayelisimamia kundi, Suhail na Nabil. Ameacha wajukuu saba, dada yetu Biubwa aliyeko Juani, na mimi. Ameacha wanafunzi kumi na mmoja wa mkono wake. Ameacha mia tisa na zaidi ambao sijui niwaite nani, na baada ya kufikiri nimewaandika hapa pamoja na jamaa.

Limebaki jambo moja. Kabla hatujafukia, sheikh atatugeukia, kama ilivyo desturi yetu, atuulize tunamshuhudiaje marehemu huyu. Nasi tutajibu kwa pamoja, mtu mwema, kisha tutashika majembe. Nimelijibu swali hilo makaburini kwa miaka sitini, kwa watu niliowajua na nisiowajua, na neno lilikuwa lile lile. Mimi ni mtu wa desturi na sitaki iondoke. Nimemwomba sheikh, naye ameridhia, kwamba baada ya neno hilo tusiguse udongo kwanza. Kila mwenye la kumshuhudia aseme alichokiona kwa macho yake: wapi, lini, alifanya nini. Walio kwenye simu pia, Fahima atainua sauti. Jua lipo, hatuna haraka.

Nitaanza mimi, ili asiwepo wa kuona aibu. Nashuhudia kwamba Ramadhani iliyopita, barazani kwake Kilindoni, ndugu yangu alikaa na njaa mbele yangu mwezi mzima, akanisogezea chakula, na nilipokuja kujua hakunilaumu.

Ewe Mola wetu, mja wako Matano ametulia. Mpokee, umpanulie kaburi lake, umpumzishe kwa amani. Amin.